Nyumba za zamani za Moshi zinakalika, msizibomoe

Kuna mwandishi mmoja anayesema nyumba za maduka zilizoshikana katikati ya Moshi hazifai tena kwa maisha ya leo, bora zibomolewe. Sikubaliani naye hata kidogo. Mji huu ulikua baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911, na hizo nyumba zenye duka mbele na ua nyuma ni sehemu ya historia hiyo.

Unyevu anaoulalamikia mara nyingi tunauleta wenyewe. Ukuta wa chokaa hupitisha unyevu. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa pa kutokea. Angalieni chini, usawa wa goti: rangi imevimba, unga mweupe wa chumvi unamwagika ukiugusa, na saruji ukiigonga inalia kama debe tupu. Bandueni hiyo saruji, pigeni lipu ya chokaa, na rangi ya mafuta msiipake. Halafu muwe na subira, maana ukuta mnene haukauki kwa wiki moja. Ila tengenezeni mabati na mifereji kwanza, masika ya Moshi mnayajua.

Choo na jiko vikae upande wa uani. Nyaya za umeme zote ziwe mpya. Dari liacheni juu palepale, na matundu ya hewa msiyazibe kwa sababu ya kiyoyozi.

Na ukuta wa kati ya nyumba mbili zilizoshikana ni wa majirani wawili! Anayebomoa bila mhandisi anamwachia jirani nyufa. Wenye nyumba, nawaomba sana, ongeeni na mafundi wanaoijua chokaa kabla ya kuita tingatinga.