Makadirio ya Unyevu wa Udongo Yapimwe Kwanza kwenye Udongo Wetu

Kila mvua za masika zinapochelewa, ramani za unyevu wa udongo huanza kupita kutoka ofisi moja hadi nyingine hapa Nairobi. Ramani hizo huingia katika taarifa za ukame, nazo taarifa hizo huchangia kuamua ni kaunti ipi itakayofikiwa na msaada mapema na ipi itakayosubiri. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba makadirio ya aina hii, hata yakitoka katika taasisi yenye sifa kubwa, hayafai kutegemewa kabla ya kulinganishwa na vipimo vilivyochukuliwa ardhini, katika udongo wa aina ileile yanaousemea.

Tukumbuke kwanza makadirio hayo yanatoka wapi. Setilaiti ya SMAP, iliyorushwa na Marekani mwaka 2015, hupokea mawimbi ya maikrowevu yanayotoka ardhini, na mawimbi hayo hueleza habari za takriban sentimita 5 za juu tu. Mizizi ya mahindi hushuka chini zaidi ya hapo. Data za ERA5, zinazotayarishwa na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, hutoa unyevu wa tabaka nne hadi karibu mita 3 kwenda chini, lakini maji ya tabaka za chini kwa sehemu kubwa ni hesabu ya modeli, yaani programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa na ardhi, wala si kitu kilichopimwa.

Kila mraba wa ERA5 una upana wa kilomita 31 hivi, na modeli huupa mraba mzima aina moja ya udongo. Mraba wa upana huo unaweza kumeza udongo mwekundu wa Kabete, unaopitisha maji vizuri, pamoja na udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Tofauti hii si jambo dogo. Udongo wa kichanga ukiwa na maji asilimia 25 ya ujazo wake umelowa vya kutosha, ilhali mfinyanzi mzito wenye kiasi hichohicho unaweza kuwa umefika mahali ambapo mmea unanyauka, kwa kuwa maji yaliyobaki yameshikwa na chembe za udongo kwa nguvu inayoishinda mizizi. Aidha, lengo la SMAP lilikuwa kosa lisilozidi nukta 4 za asilimia hizo, tena baada ya kuondoa upotofu wa kudumu, yaani kukosea daima upande uleule, na kuacha nje maeneo yenye mimea mingi. Katika mfinyanzi, ambao maji yanayofikiwa na mmea mara nyingi ni nukta 13 hivi, kosa la nukta 4 ni karibu theluthi ya akiba yote.

Wapo wanaojibu kwamba upotofu haudhuru, maadamu tunatazama tu kama mwaka huu ni mkavu kuliko kawaida. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi, kwa sababu kasi ya udongo kukauka hutegemea kiasi halisi cha maji kilichomo, na modeli iliyokosea kiasi hicho itakosea pia siku ambayo mazao yataanza kuteseka.

Linalonisumbua zaidi ni namna tathmini zenyewe zinavyofanywa. Mwandishi hutaja kiwango cha juu cha uwiano kati ya makadirio na vipimo, yaani jinsi vinavyopanda na kushuka pamoja, na msomaji huridhika. Lakini Kenya ina misimu miwili ya mvua, masika na vuli, na modeli yoyote inayojua kwamba Aprili hunyesha na Februari ni kiangazi itapata uwiano mzuri bila ya kujua lolote kuhusu mwaka wenyewe. Mzunguko wa misimu sharti uondolewe kwanza, ndipo tuulize: je, data hizi ziliona kwamba mvua za vuli za 2020 na misimu iliyofuata, mmoja baada ya mwingine hadi 2022, hazikutosha? Hilo ndilo swali la mfugaji wa Marsabit, na ndilo linalofaa kuwa mtihani.

Vilevile, kulinganisha modeli na modeli nyingine si ushahidi mkubwa. Nyingi hutumia taarifa za mvua zinazokaribiana, kutoka vituo vichache vilevile, kwa hiyo zinaweza kukubaliana zikiwa zote zimekosea. Ipo njia ya kitakwimu ya kulinganisha vyanzo vitatu kwa pamoja ili kukadiria kosa la kila kimoja, nami naiheshimu, ila inadai kwamba makosa ya vyanzo hivyo yasihusiane, na sharti hilo hupuuzwa kwa urahisi mno.

Mtandao wa kimataifa wa vipimo vya unyevu wa udongo una vituo vingi Marekani na Ulaya, na vichache sana katika bara letu. TAHMO, shirika la vituo vya hali ya hewa barani Afrika lenye ofisi hapa Nairobi, limeonyesha kwamba vituo vya gharama nafuu vinaweza kusimamishwa hata katika viwanja vya shule. Ningependa vihisi vya udongo viongezwe katika vituo kama hivyo, vifukiwe kwenye kina cha mizizi na si juu tu, tena katika udongo mweusi na mwekundu pia, na kila taarifa ya ukame itakayochora ramani ya unyevu itaje kosa la ramani hiyo kwa kila aina ya udongo.