Amka utoke, hata kama bado ni giza

Kila inapokaribia Septemba hunijia ujumbe kutoka kwa kijana wa kwetu aliyepata nafasi ya kusoma hapa Aberystwyth, mji mdogo wa chuo kikuu ulio pwani ya magharibi ya Wales. Swali huwa moja: baridi ya huko ikoje? Na karibu kila mmoja ameshapewa jibu na waliomtangulia: nunua blanketi zito, jifungie ndani, ngoja Machi.

Ushauri huo siukubali. Niliufuata mwaka wangu wa kwanza na ulinidhuru.

Chumba changu kilikuwa na unyevu. Nguo nilizianika juu ya hita, dirisha halifunguki kwa hofu ya kupoteza joto, na kwenye pembe ya ukuta ukungu mweusi ukawa unatambaa kila wiki. Nilikuwa naamka saa tano. Nikishapika chai na kufungua kompyuta, mchana umekwisha. Mama alinitumia sauti kutoka Mombasa: "Mwanangu, umevaa soksi?" Nikamjibu nimevaa, nami nilikuwa nimezivaa kweli, pea mbili, kitandani, saa nane ya mchana.

Watu hudhani adui hapa ni baridi. Baridi yenyewe si kali kiasi hicho. Bahari huupasha mji joto, na siku nyingi za Januari kipimo huwa kwenye nyuzi saba au nane mchana. Kinachomwangusha mtu wa ikweta ni giza. Sisi tumezoea saa inayokwenda na jua: saa kumi na mbili kumekucha, saa kumi na mbili kumekuchwa, mwaka mzima. Hapa mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na dakika chache jioni limeshazama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinabanana ndani ya saa nne. Ukiamka saa tano umejidhulumu sehemu kubwa ya mwanga uliogawiwa siku hiyo, na hakuna wa kukurudishia.

Ndiyo maana nasema: toka asubuhi. Mwili una saa yake ndani, na nuru ya asubuhi ndiyo inayoirekebisha, hata nuru ya mawingu. (Vitamini D ni jambo jingine. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza ni hafifu, ngozi haiwezi kuitengeneza, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa na idara ya afya kufikiria vidonge vya mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima. Vinywe, usingoje mifupa ikuume.)

Mimi huondoka nyumbani saa moja u nusu, taa za barabarani zingali zinawaka. Naanzia upande wa bandari, napita chini ya magofu ya ngome, nafika kwenye jengo la zamani la chuo ambako masomo yalianza mwaka 1872. Lilijengwa liwe hoteli, biashara ikashindikana. Kando yake ndipo lilipo gati, na hapo sharti nisimame.

Chini ya gati hilo wanalala ndege waitwao kwezi, maelfu kwa maelfu, kutoka vuli hadi karibu na Machi. Wageni huja jioni kuwatazama wakicheza angani kabla ya kulala, na picha zake zimejaa mitandaoni. Asubuhi huwa hakuna wa kuwatazama. Kwanza unasikia kelele chini ya mbao, mfano wa mafuta yanayochemka kwenye karai. Halafu kelele inakatika ghafla. Kimya kidogo, kisha kundi zima linafyatuka kutoka kwenye nguzo, linapita juu ya kichwa chako, upepo wa mbawa unausikia usoni. Dakika chache baadaye linatoka kundi la pili, kisha la tatu. Asubuhi ya kwanza nilipoliona hilo nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Kisha mwanga. Kwetu Mombasa jua hutoka baharini. Hapa bahari iko magharibi na jua linatokea nyuma ya vilima vya upande wa bara, kwa hiyo maji ya mbali kabisa ndiyo yanayong'aa kwanza, huku ufuko na nyumba bado zimo kivulini. Unatembea ukiiona nuru inakujia kutoka upeoni, pole pole, mpaka iguse kokoto. Sijaona jambo linalonituliza moyo zaidi katika nchi hii.

Njia hii ya ufukweni ina urefu wa takriban kilomita mbili, na mwisho wake wa kaskazini, mguuni pa Constitution Hill, kuna kizuizi cha vyuma. Desturi ya hapa ni kukipiga teke kabla ya kugeuka kurudi. Wanafunzi hufanya hivyo, wazee hufanya hivyo. Kipige na wewe.

Na usalimie. Hili nalitilia mkazo kuliko yote. Kwetu kutembea pwani ni jambo la jioni, watu wanakwenda Lighthouse kula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na salamu hazihesabiki. Hapa utakutana na watu watano au sita tu, wengi wao na mbwa. Sema "Bore da". Ni "habari za asubuhi" yao, kwa Kiwelisi. Lugha hiyo ilipiganiwa katika mji huu: Februari 2, 1963 vijana walikaa chini kwenye daraja la Trefechan wakazuia magari, wakidai Kiwelisi kitumike rasmi. Sisi tunaojua uchungu wa lugha ya nyumbani kudharauliwa darasani tunapaswa kuwa wa kwanza kuitamka yao.

Kuhusu mavazi sina mengi. Mwavuli uache, upepo utaugeuza ndani nje. Koti lisilopitisha maji na glavu za sufu utazipata kwa bei ndogo katika maduka ya mitumba ya hisani, na mtu aliyezoea kuchagua nguo soko la Kongowea atajua pa kutazama. Ila ikitangazwa dhoruba, usiende kabisa. Januari 2014 mawimbi yaliivunja njia hii na waliokaa mbele ya bahari, wanafunzi wakiwemo, wakahamishwa.

Kuna bibi mmoja mwenye mbwa mweupe ambaye miezi miwili ya kwanza tulipungiana mikono tu. Siku niliyomwambia "Bore da" alisimama, akanitazama, akaniambia "Mae'n oer", kuna baridi. Nikamfundisha shikamoo, nikamweleza kwamba yeye ndiye wa kuambiwa, si wa kusema, na kazi yake ni kujibu marahaba. Leo asubuhi aliniona kutoka mbali, karibu na vile vyuma. Kabla sijafungua mdomo ameshapaza sauti: "Marahaba!"