Maziwa kwa Mavi

Mtu akianza kuniambia vile shule ya utotoni ilikuwa tamu, namuuliza swali moja tu: kwenu mlikuwa na ng'ombe?

Maana kwetu hatukuwa naye. Baba alikuwa na miwa mpaka mlangoni na baiskeli moja. Na baiskeli, bana, hata uilishe nini, haiachi kitu nyuma. Hilo halikumhusu mwalimu wa zamu. Kila Alhamisi jioni gwarideni anatangaza, uso mkavu: "Kesho kila mtu aje na mavi yake!"

Ya ng'ombe, lakini.

Hii ni 1986, pande za Mumias, niko darasa la tatu. Sakafu ilikuwa ya udongo, na Ijumaa lazima isiribwe ili vumbi litulie na funza wakose makao. Ukija mikono mitupu unalambwa viboko viwili, kisha unasiriba kwa mavi ya wenzako.

Basi alfajiri unanikuta nyuma ya ng'ombe wa jirani, jani la mgomba mkononi, kama mtu anayengoja matatu. Yule ng'ombe alikuwa na madharau! Anatafuna, ananitazama. Anainua mkia, nachomoka na jani langu. Kumbe anafukuza nzi. Kengele ya shule, ile rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni, inalia huko, naye anacheua tu.

Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikaanza kumsihi kwa Kiluhya. Nani akapita? Kiranja, na diski mkononi, kile kibao cha kuvishwa shingoni ukishikwa unaongea lugha ya nyumbani. Nikavishwa papo hapo. Nikajitetea kwamba ng'ombe mwenyewe hajui Kiingereza. Akasema hiyo ni shida ya ng'ombe.

Ndiyo nikaingia biashara. Jamaa niliyekaa naye dawati moja, kwao walikuwa na ng'ombe sita. Mimi nilikuwa na maziwa ya Nyayo, yale Mzee Moi alianza kugawia watoto wa shule 1979, pakiti ya pembe tatu, mililita 200. Tukaelewana: siku ya maziwa nampa pakiti yangu, Ijumaa ananiletea mzigo.

Hebu piga hesabu hiyo polepole. Mtoto wa ng'ombe sita anakunywa maziwa yangu, mtoto wa baiskeli analipwa mavi. Na alikuwa mwizi! Ijumaa moja akanifungia jani zito, nikalibeba kwa maringo, mwalimu akachokora kwa kijiti: nusu nzima udongo. Viboko viwili nikala mimi, mavi yakiwa yangu ya kununua.

Juzi binti yangu alininunia eti shule imeagiza karatasi za choo, roli mbili, na mkoba ni mzito. Nikamwambia ashukuru hawajaagiza kile kinachopanguswa.

Yule jamaa naye yuko hapa Kisumu, anauza maziwa Kondele. Bado ni maziwa tu na yeye. Jana nikamwendea, nikamkumbusha kwamba kuna pakiti mbili nilimpa kabla hatujafunga shule na Ijumaa yake haikufika, kwa hivyo anijazie kikombe tuwe sawa.

Akapangusa mikono kwenye aproni, akaniambia maziwa ni pesa taslimu. Lakini hilo deni analikumbuka vizuri. Nije Ijumaa, na jani.