Asilimia 10 ya mvua

Mwaka wa sita huu naendesha lori kutoka El Paso, Texas, kwenda Arizona kwa barabara ya I-10. Nyumbani ni Tanga. Kuna mengi ya huku nisiyoyatamani, ila utabiri wao wa hali ya hewa ningeubeba hata kichwani.

Machi hadi Mei jangwa hili ni upepo. Asubuhi jani halitikisiki. Jua likishachoma ardhi, hewa ya chini inapanda na ule upepo mkali wa juu unashuka. Ikifika saa nane mchana milima ya Franklin, ninayoiona kutoka dirisha la jikoni, imemezwa. Vumbi linapenya chini ya mlango hata ukiziba kwa taulo. Ukinywa chai, mchanga unalia kwenye meno.

Lakini tangu jana yake nilishaambiwa: upepo utaanza saa ngapi, utatoka upande gani, ukipiga kwa nguvu utafika maili ngapi kwa saa. Nikiona 60 na tela langu ni tupu, siondoki, maana upepo wa ubavuni unalaza tela tupu. Na pale karibu na Lordsburg, New Mexico, barabara inakatiza ziwa lililokauka. Vumbi lake limeshaua watu. Likikukuta, toka kabisa nje ya lami, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki. Wa nyuma akiona taa nyekundu atazifuata akidhani bado unakwenda.

Halafu kuna mvua: asilimia 10. Yaani katika siku kumi za namna hii, moja ndiyo itakulowesha hapo ulipo. Mara nyingi naiona ikining'inia mawinguni kama pazia la kijivu, inakauka kabla ya kugusa chini. Mvua yenyewe wanaingoja kuanzia katikati ya Juni, na jina wanaloliita, "monsoon", limetoka kwenye neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "msimu".

Mjomba wangu ni mvuvi. Tahadhari ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ikitoka namsomea kwa simu: upepo mkali na mawimbi makubwa, uwezekano wa kutokea wastani, kiwango cha athari wastani. Sasa mjomba afanye nini na wastani? Anachotaka kujua ni kama maleleji, ule utulivu wa kati ya kaskazi na kusi, yamekwisha, kama akitoka alfajiri atawahi kurudi kabla kusi haijachafua bahari. Anaishia kutazama mawingu.

Na tunawaonea watabiri wetu tunapowacheka. Aliyesema "wastani" utampimaje? Anayesema asilimia 10 unaweza kumhesabia siku mia moja, uone kama zilizonyesha zinakaribia kumi. TMA wana wataalamu wa kweli. Watupe uwezekano kwa namba, watupe na saa, tutajifunza kuzisoma kama nilivyojifunza mimi.

Kesho: upepo wa kusini-magharibi kuanzia saa tano asubuhi, maili 55, mvua asilimia 10. Nimeomba kuondoka saa tisa usiku.