Shauri likiahirishwa, nani alipe siku iliyopotea?

Shauri linapoahirishwa, amri ya gharama inayosikika mara nyingi ni fupi: gharama zifuate matokeo. Yaani atakayeshindwa mwishoni ndiye atakayelipa hata kwa siku hii ambayo hakuna kilichofanyika. Wengi huiona amri ya busara kwa kuwa haimgusi mtu mfukoni leo. Tatizo ni nani itakayemgusa kesho.

Tuseme mdaiwa amefika mapema na wakili wake na mashahidi wawili, mmoja kaomba ruhusa kazini, mwingine kasafiri usiku kucha. Wakili wa mdai anasimama na kueleza kwamba hajajiandaa, anaomba tarehe nyingine. Anapewa. Baadaye mdaiwa anashindwa, kwa sababu mkataba kweli aliuvunja. Gharama za shauri zima zinamwangukia, na siku ile imo humo. Anabaki na nauli za mashahidi wake ambao hawakusikilizwa na ada ya wakili wake aliyekuja bure, na juu yake anamlipa wakili wa mdai kwa kazi ya kuja kuomba ahirisho. Kuvunja mkataba ni kosa lake. Kupoteza siku ya mahakama hakukuwa kosa lake, na hakuna hata mstari mmoja wa hukumu ya mkataba unaoweza kueleza kwa nini anailipia siku hiyo.

Upande wa pili haukai vizuri zaidi. Mdai mwenye uhakika wa kushinda hana cha kumzuia kuomba tarehe nyingine, maana bili itakwenda kwa mwenzake. Naye mdaiwa anayejua deni ni la kweli hupata faida kwa kila mwezi unaosogea, kwa kuwa fedha bado ziko mikononi mwake. Amri iliyokusudiwa kutomwumiza mtu inawafaa zaidi hao wawili.

Ndiyo maana nadhani kanuni ya kwamba aliyesababisha ahirisho alipe papo hapo, hata kama mwishoni atashinda, inaeleweka vibaya. Hudhaniwa ni adhabu. Ni fidia tu, tena ndogo: nauli na malazi ya mashahidi, ada ya wakili kufika siku hiyo, muda wa kulisoma upya jalada. Maandalizi ambayo yatatumika tarehe ijayo hayahesabiwi, kwa kuwa hayajapotea.

Wanaoipinga wana hoja. Mtu huugua, au hufiwa. Anayeomba ahirisho si lazima awe ndiye aliyelisababisha: ukikabidhiwa nyaraka mpya asubuhi ya usikilizwaji, utaomba wewe, lakini kosa ni la aliyezichelewesha. Hofu kubwa zaidi ni ya mdaawa (yaani mdai au mdaiwa) maskini anayeambiwa alipe kwanza ndipo asikilizwe. Hoja hiyo naikubali. Lakini kupima gharama leo na kulazimisha zilipwe kabla ya tarehe ijayo ni mambo mawili. Hakimu anaweza kutaja kiasi na anayepaswa kukilipa, kisha akaacha kikatwe kwenye hesabu ya mwisho.

India ilijaribu njia kali. Katika mageuzi ya sheria ya mwenendo wa madai yaliyoanza kutumika mwaka 2002, mdaawa aliwekewa kikomo cha maahirisho matatu wakati wa usikilizwaji, na mahakama ikatakiwa kutoa amri ya gharama kwa kila ahirisho. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililegeza kamba: kikomo kilibaki, ila si kwa aliyekumbwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Marekani, ambako kwa kawaida kila upande humlipa wakili wake, hata aliyeshinda, swali hili huzuka mara chache.

Yupo mwingine ambaye hatajwi sana, naye ni wakili mwenyewe. Mteja hajui kwamba jalada halikufunguliwa hadi jana usiku, kwa nini alipe yeye? Nchini Uingereza mahakama inaweza kumtoza wakili binafsi gharama zilizopotea kwa uzembe wake au mwenendo usiofaa, na mwongozo uliotolewa mwaka 1994 na Mahakama ya Rufani unataka kwanza ithibitike kwamba mwenendo huo ndio uliozaa gharama. Hutumiwa kwa tahadhari, na ni sawa: wakili anayejihofia mwenyewe hamtetei mteja vizuri.

Linabaki ahirisho la mahakama yenyewe. Jaji hayupo, jalada halionekani, au orodha ya siku ilijazwa mashauri yasiyoweza kuisha. Hapo kila upande hubeba wake, na hata kanuni ninayoitetea haimfikii msababishaji, kwa sababu hakuna hakimu anayeiandikia mahakama yake bili. Kwa hali hiyo taarifa inayotumwa siku moja kabla ingefaa kuliko amri yoyote ya gharama: shahidi wa mbali angeipata kabla hajapanda basi.