Ubongo haufuti, unafunika tu

Makala moja niliyoisoma inasema mtu akirudia kula chakula kilichomtapisha, safari hii bila kuugua, ubongo hufuta kile kinyaa. Hapo naomba kusahihisha: haufuti. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake waliwapa panya maji ya sakarini (kitu kitamu cha kutengenezwa, badala ya sukari) huku wakiwapiga mionzi inayougua tumbo, na baadaye panya wakayakataa. Panya wa namna hiyo wakizoeshwa tena ladha ileile bila madhara, huinywa. Lakini wapumzishe majuma kadhaa, kisha uwarudishie: kinyaa huibuka chenyewe, ingawa si kwa nguvu ya mwanzo. Kumbukumbu ya zamani ilikuwepo muda wote, kwenye insula na amigdala, sehemu za ubongo zinazohusika na ladha na hisia. Juu yake gamba la mbele la ubongo lilijifunza jambo jipya, kwamba ladha hii sasa ni salama.

Nimeyaona haya kwa mama yangu. Alikunywa uji wa ulezi asubuhi ya dawa za saratani, akautapika wote. Alijua fika kosa ni la dawa, lakini harufu tu ya ulezi ukichemka ilimtoa jikoni. Tulimrudisha kijiko kwa kijiko, akazoea. Miezi mingi baadaye, dripu za dawa hizo zilishakwisha, akalisukuma bakuli tena. Wauguzi, tafadhali waambieni wagonjwa mapema: siku ya dripu wasile chakula wanachokipenda sana.