Ardhi Yao, Majani Yangu

Kabla hamjanicheka, nijibuni hili: ukoka ukiota kwenye hifadhi ya barabara, ni wa nani?

Nauliza kwa sababu mwaka juzi nilisimamisha kibanda cha mabati mbele ya nyumba yangu, pa kuzibia pancha. Mimi ni fundi baiskeli, na hapa Tanga fundi baiskeli hafi njaa ila akitaka mwenyewe. Watu wa mji huu wanapanda baiskeli kwenda sokoni, kazini, msikitini, hata kuposa. Kibanda hakikumaliza wiki tatu. Wakaja vijana na kopo la rangi nyekundu, wakanichorea X kubwa kama mlango, wakaniambia kwa adabu kabisa: "Mzee wetu, hapa si kwako. Kwako kunaishia ukutani. Kutoka ukutani mpaka mtaroni ni hifadhi ya barabara." Nikabomoa mwenyewe ili mabati yasipindwe. Tangu siku hiyo nazibia pancha barazani, na mke wangu ana lake la kusema kila anapokuta grisi kwenye mkeka.

Sasa imekuja rasimu. Halmashauri inarekebisha sheria ndogo ya usafi, kipengele cha majani, na karatasi imeletwa mtaani tutoe maoni. Inasema kila mwenye nyumba ahakikishe majani yanayozunguka makazi yake, "kuanzia ukutani hadi mtaroni", hayazidi sentimita 15, na atakayekaidi faini yake Sh 50,000. Nimeisoma na miwani, nikaisoma bila miwani. Ukutani hadi mtaroni! Pale pale pa X nyekundu! Kibanda kikikaa pale, ardhi ni yao. Majani yakikaa pale, ni yangu.

Sikatai usafi, mnielewe. Tarehe 9 Desemba 2015, Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akatutuma wote kushika mafagio, nilifagia mpaka mtaro wa jirani, na hakuna aliyenisukuma. Mgongo ulikuwa bado wangu wakati ule.

Niseme haki, hata sheria ya zamani ilihitaji kuguswa. Ilikuwa inasema "majani marefu" basi, imenyamaza. Marefu kwa nani? Mtendaji wetu aliyepita alikuwa jitu la miraba minne, majani yakimfika kwenye ugoko anapita anasalimia. Huyu wa sasa ni binti mfupi, mwenye bidii, na majani yale yale yanamfika gotini. Kwa hiyo nililala raia mwema nikaamka mkosaji, na jani halijaongezeka hata nukta. Wenye akili wakaona bora ziwekwe sentimita. Sawa. Sentimita hazina miguu.

Basi tukaitwa mkutano wa mtaa. Kwa kawaida mikutano yetu huhudhuriwa na watu kumi na moja na kuku. Safari hii palijaa, maana faini inaita watu kuliko mgeni rasmi. Binti mtendaji akasoma rasimu, akafika kwenye neno "nyasi", na hapo ndipo mwalimu mmoja mstaafu wa baiolojia akanyoosha mkono. Nilijua tumekwisha. Mwalimu mstaafu hanyooshi mkono kuuliza.

"Nyasi zipi?" akasema. "Maana kitaalamu, mahindi ni nyasi. Mpunga ni nyasi. Muwa ni nyasi. Hata mwanzi ni nyasi, ukoo mmoja na huo ukoka."

Kimya. Halafu bibi mmoja wa nyumba ya kona akainuka taratibu, ameshika leso yake. "Na mchaichai wangu?"

"Mchaichai, bibi yangu, ni nyasi kamili."

Yallah, ungekuwepo! Mchaichai wa bibi yule unanifika kiunoni, na nusu ya mtaa hunywea chai yake mvua zikianza na vifua vikibana. Akataka kujua kama anatakiwa aukate sentimita 15, na kama ni hivyo, huyo mtendaji atakunywa nini akija pale na mafua yake ya kila masika. Mwingine akadakia na miwa yake mitatu. Mwenye mianzi akakaa kimya, akajikunyata, nadhani alikuwa anapiga hesabu. Jamaa mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya mtu anayeona mkoa unazama: "Na mkonge?" Mwalimu akatafakari, akamsubirisha kidogo kwa makusudi, nina hakika, akasema mkonge si nyasi. Watu wakashusha pumzi.

Akasimama mzee wetu wa kahawa. Yeye kila hoja huanzia mwaka 1914. Akatukumbusha Novemba ya mwaka ule, Waingereza walivyoshusha Raskazone, hapa hapa pwani ya Tanga, askari karibu 8,000 kutoka India, na Wajerumani wana watu wapatao 1,000 tu, na bado Mwingereza akarudi melini mbio, huku nyuki wakimsindikiza. Ndiyo maana mpaka leo vinaitwa Vita vya Nyuki. "Sasa nawauliza," akasema, fimbo hewani, "kama Tanga ile ingefyekwa sentimita 15, hao nyuki wangekaa wapi?" Watu wakapiga makofi. Kwa kweli bunduki ndizo zilizofanya kazi kubwa siku ile, na nyuki hawakuwa wameajiriwa na Mjerumani, waliuma kila aliyepita. Lakini nani amkate kauli mzee mbele ya wajukuu zake?

Nami nikapata zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nikauliza: ukutani hadi mtaroni ni kwa nani? Binti akaangalia karatasi, akaigeuza, akaangalia nyuma kusikoandikwa kitu. "Mzee wangu, ardhi ni hifadhi ya barabara. Usafi ni wako." Nikamuuliza kama ninaweza basi kuusafisha kwa kuweka kibanda juu yake, maana chini ya kibanda hakioti kitu. Watu wakacheka, mwenyekiti akaandika "hoja imepokelewa", tukahamia kwenye takataka.

Kwani mnadhani kufyeka ni mchezo? Kijana wa kibarua anataka Sh 15,000, chakula cha mchana, na fyekeo liwe langu. Kuziba pancha moja napata kiasi gani? Msiniulize. Na hii ni masika. Ukifyeka Jumatatu, Alhamisi majani yanakuuliza ulikuwa wapi. Ukoka una tabia ya madeni: unatambaa juu ya ardhi, unatambaa chini ya ardhi, na ukiukatakata kwa jembe kila kipande kinaota kivyake. Niliulima mwaka jana kwa hasira. Nilikuwa na ukoka mmoja, nikapata jumuiya. Wazee wanasimulia kwamba Hindorf, yule mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikatunzwa kama mayai mpaka mkoa mzima ukajaa mashamba. Mimi ukoka sikuuagiza. Sikuutunza. Nimeutukana, nimeumwagia maji ya moto, nimeumwagia chumvi. Umebaki wote.

Tena si ukoka peke yake. Mke wangu ana mchunga wake pale, unaota wenyewe, nao kwa nazi na dagaa ndiyo mboga ya siku ambazo mfuko umetoboka. Ana mnavu. Ana kivumbasi cha kufukuzia mbu. Siku moja akaja bwana mmoja wa afya akasema majani yanazalisha mbu. Mke wangu akamwonyesha kivumbasi, kisha akamwonyesha mtaro wao ambao maji yamesimama tangu Ramadhani, viluwiluwi wanapiga mbizi, akamuuliza kwa upole mbu anataga kwenye jani au kwenye maji. Bwana yule akakumbuka ana kikao. Nikifyeka mimi bila kuangalia, nikapitisha fyekeo kwenye mchunga, faini ya halmashauri ni nafuu. Ile ya ndani haina risiti.

Wiki iliyofuata binti akapita na kile walichokiita zoezi la uelimishaji. Sheria yenyewe bado: lazima ipite kwa madiwani, iende kwa waziri mwenye dhamana, ikiridhiwa itangazwe kwenye Gazeti la Serikali ndipo ianze kuuma. Yaani sijawahi kuwa na kitu nyumbani kwangu kinachosubiriwa na waziri, ila hayo majani. Kupima lakini wameshaanza, ati tuzoee. Akatoa rula ya plastiki ya mwanawe wa darasa la tatu. Nikachuchumaa naye. Naangalia hivi, rula imekatika ncha, inaanzia kwenye 2! Majani yangu yakazawadiwa sentimita mbili za bure kabla hayajaota. "Kumi na sita," akasema. Nikamwambia, mwanangu, kumi na nne. Akasema rula ndiyo inayosema. Tukabishana mpaka mke wangu akatuletea chai ya mchaichai, na ajabu, aliinywa.

Lakini kilichonimaliza ni kiwanja cha pembeni. Mwenyewe yuko Dar es Salaam, au hayupo, hakuna anayemjua. Majani mle yamefika kimo ambacho ukimpoteza mbuzi unamtafuta kwa sauti. Wakamwandikia onyo la siku 14, na utaratibu unataka onyo libandikwe kwenye mlango wa mhusika. Kiwanja hakina mlango. Hakina ukuta. Kwa hiyo, kwa hekima waliyonayo, wakalibandika kwenye mlango wa karibu. Wangu! "Mzee, ukimwona mwenyewe utampa taarifa." Shemeji yangu akapita na baiskeli, akasoma, hakushuka hata kunisalimia. Mpaka magharibi ukoo mzima ulikuwa umepiga simu. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, kama ni fyekeo si ungeniambia, ninalo."

Nikaona sasa hii imekuwa aibu. Nikamwendea jirani wa nyuma, ana beberu anayemficha uani, maana mifugo mjini nayo ina sheria ndogo yake. Ona basi: majani marefu, faini, na kiumbe pekee anayeyakata bila kudai chakula cha mchana naye ana faini. Tukakubaliana Sh 2,000 kwa usiku mmoja, nimfunge baada ya isha, nimrudishe kabla ya alfajiri. Nikamfunga pale mbele, kamba ndefu, nikalala usingizi wa mtu aliyeajiri.

Hakuna aliyeniambia kwamba mbuzi si kondoo. Kondoo ndiye wa kuinama kula majani ya chini. Mbuzi anapenda matawi, machipukizi, vitu vya kunyooshea shingo. Na kuamka mapema nikashindwa, nikaamshwa na sauti ya mke wangu, na sauti ile naijua. Ukoka mzima, haujaguswa, unameremeta kwa umande. Mchunga hakuna. Mnavu hakuna. Mpera umenyolewa mpaka shingo yake ilipoishia. Kivumbasi pekee ndicho alichokionja akakitema.

Na mlangoni, lile onyo, limebaki kipembe kimoja chenye nusu ya muhuri. Lilikuwa limegandishwa kwa gundi ya unga wa ngano. Beberu hakuona sheria pale, aliona chapati.

Sijafungua hata kamba, binti huyo anakuja, maana ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na ana rula kwapani. Nikasimama mbele ya mbuzi kadiri mwili wangu unavyoruhusu. Akatazama mlango, akanitazama.

"Shikamoo mzee wangu. Lile onyo liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu," nikasema, huku nyuma yangu jamaa anacheua taratibu. "Linafanyiwa kazi."